Tela dogo la kambi: lisawazishe kwanza, ulitulize baadaye, na miguu ya kona sio jeki

Tuanze na hili maana ndo linawachanganya wengi. Kusawazisha tela ni kazi moja na kulituliza ni kazi nyingine, na kila moja ina zamu yake. Kusawazisha ni kulifanya likae bapa ili usilale huku unateleza kuelekea ukutani, na hiyo inafanywa na matairi mawili makubwa pamoja na joki, yaani kale kagurudumu ka mbele kenye hendo ya kuzungusha. Kutuliza ni kulizuia lisicheze mtu akipanda au akijigeuza usiku, na hapo ndo inaingia ile miguu minne ya kona. Sasa utakuta mtu kafika kambini kachoka, tela limeinama kushoto, anachukua hendo anazungusha mguu wa kushoto mpaka kona inanyanyuka, kipovu cha pima maji kinakaa kati, anafurahi anaenda kuwasha moto. Akirudi mlango unakataa kufunga, mguu umeanza kupinda na chesisi, yaani fremu ya chuma ya chini, imejikunja kidogo. Ile miguu haijatengenezwa kubeba tela, imetengenezwa kuligusa tu lisitikisike.

Naongelea tela la ekseli moja, kuanzia kilo 700 hivi mpaka tani na kitu, yale yanayovutwa na Land Cruiser au Hilux, liwe na hema juu ya paa au kitanda ndani. Kwa hapa Tanzania ndo mengi unayoyakuta kwenye kambi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na kule pwani.

Vitu vya kubeba

Mbao za 2 kwa 6, vipande vitano au sita vya urefu tofauti, kimoja mita moja, kingine sentimita 75, kingine 50 na kadhalika. Ukipata mabaki ya mninga kwa seremala umebahatika maana ni mgumu na haunyonyi maji ovyo, ila hata paini inafaa ilimradi haina ufa. Mwambie seremala akate ncha zote kwa mshazari, sio wima, ili tairi lipande bila kuusukuma ubao mbele. Ukizipanga unaweka ndefu chini na fupi juu, inakuwa kama ngazi, na kila ubao unakupa kama sentimita 5. Hii inakupunguzia kununua zile rampu za plastiki za bei mbaya.

Halafu kabari nne, sio mawe. Mawe yanateleza na mara nyingi unayakuta ya duara. Kabari za mbao ngumu zenye urefu wa kiganja kizima na zaidi, mbili kwa kila tairi. Vipande vinne vya plaiwudi ya milimita 18, sentimita 30 kwa 30, kila kimoja toboa tundu ufunge kamba ya kuvutia maana vikizama kwenye tope bila kamba utavichimba kwa mikono. Chepe. Pima maji, ya sentimita 60 ndo nzuri. Pampu na geji ya upepo. Glavu.

Kuhusu pima maji, ipime yenyewe kwanza. Iweke mezani, angalia kipovu kiko wapi, kisha igeuze ncha ya kulia ije kushoto, palepale ilipokuwa. Kipovu kikisoma sawa mara zote mbili iko vizuri, kikihamia upande wa pili hiyo itakudanganya kila siku. Programu za simu nazo pima hivyo hivyo, hasa simu zenye kamera iliyotokeza nyuma, na zenyewe zina sehemu ya kurekebisha.

Na unaiweka wapi? Sio kwenye mkono wa tela, yaani kile chuma cha mbele kinachoshika gari, wala kwenye boksi la vyombo, maana fundi aliyechomelea anaweza kuwa amekosea milimita kadhaa. Weka pale unapolala au kwenye sakafu. Kama hutaki kufungua hema kila mara, fanya hivi siku moja ukiwa nyumbani: sawazisha kitanda vizuri kabisa, kisha chukua vile vipima maji vidogo vya kubandika, kimoja bandika mbele kwa upana, kingine pembeni kwa urefu, uvigandishe wakati vinasoma kati. Kuanzia hapo ukisimama tu nje unajua kila kitu.

Kuchagua sehemu

Hapa watu wanakimbia, na dakika tano za kutembea zinaokoa nusu saa ya kuchimba. Shuka kwenye gari, zunguka kwa miguu. Angalia maji ya mvua yalipopita zamani, utaona mistari ya mchanga laini na majani yaliyolala upande mmoja, usikae hapo hata kama ndo bapa kuliko pote. Angalia juu pia, tawi kavu la mgunga au mwegea wenye matunda yake yale marefu yanayoning'inia, tunda moja lina kilo kadhaa na likidondoka haliulizi chini kuna nani. Ukiwa mtoni, kama Ruaha, epuka vijia vilivyopigwa vikawa laini kuelekea majini, vile ni vya viboko na wao wanatembea usiku.

Kama ardhi ina mteremko na huna namna, ni bora pua ya tela itazame chini kidogo kuliko itazame juu. Sababu ni rahisi, kuinua pua kwa joki ni kitu kidogo, lakini kuishusha kuna mwisho wake, joki inagota na mkono wa tela unagusa ardhi. Mwinamo wa pembeni ndo unaosumbua zaidi, kwa hiyo tafuta sehemu ambayo kushoto na kulia ziko karibu sawa, ya mbele na nyuma utaimaliza kwa hendo.

Kushoto na kulia, gari likiwa bado limefungwa

Usifungue tela kwenye gari kwanza. Mwinamo wa pembeni unarekebishwa kwa kupandisha tairi la upande wa chini kwenye mbao, na anayelisogeza ni gari.

Ubao wa kimo gani? Usikisie. Weka pima maji kwa upana, nyanyua ncha iliyoko upande wa chini mpaka kipovu kikae kati, pima pengo lililobaki chini ya hiyo ncha. Tuseme ni sentimita 2. Pima umbali kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya lingine, tuseme sentimita 150. Gawa 150 kwa 60 ya pima maji unapata 2.5, zidisha mara 2 unapata 5. Sentimita 5, ubao mmoja, kazi imeisha. Ukitumia simu inayosoma digrii, kwa upana huo wa 150 kila digrii moja ni kama sentimita 2.6, kwa hiyo digrii 2 ni ubao mmoja na digrii 3 ni karibu sentimita 8. Ikifika juu ya mbao tatu mimi nahama, kupanga ghorofa chini ya tairi sio ujanja.

Weka mbao mbele au nyuma ya tairi la upande wa chini, zinyooke na tairi. Msaidizi asimame pembeni mahali dereva anamwona kwenye kioo, sio kati ya gari na tela, na sio nyuma ya tela. Dereva asogee taratibu mno, tairi likifika juu katikati msaidizi ainue mkono. Tairi lote likae juu ya ubao kwa upana wake, likining'inia nusu nje kwa usiku mzima unaliumiza.

Kama ni mchanga au udongo laini kuna njia ambayo wengi hawaifikirii: badala ya kuinua upande wa chini, chimba upande wa juu. Chimba kishimo chenye mteremko mbele ya tairi lililo juu, sogeza gari, tairi linashuka humo. Tela linakaa chini zaidi, upepo hauligusi sana na huhitaji mbao kabisa. Kesho yake ukiondoka rudishia udongo, usiwaachie wenzako mashimo.

Kabla ya kupima pia angalia upepo wa matairi. Kama ulipunguza ili kupita kwenye mchanga, jaza sasa. Tairi lenye upepo mdogo ni kama godoro, tela litayumba usiku kucha hata ufanye nini, na likiwa pungufu upande mmoja utakuwa unasawazisha uongo.

Kabari, halafu ndo ufungue

Hapa usifupishe. Hendibreki ya tela kama lipo nayo, vuta. Kabari mbele na nyuma ya matairi yote mawili, zigonge kwa kisigino cha kiatu mpaka zibane kwelikweli. Lile tairi lililo juu ya ubao nalo linahitaji kabari, ziweke juu ya ubao na sio chini pembeni yake.

Shusha joki juu ya kipande cha plaiwudi mpaka ibebe uzito. Fungua mdomo wa tela, zungusha joki mpaka uachane na ile boli, kile kidude cha duara cha kuvutia nyuma ya gari, lakini cheni za usalama ziache bado zimefungwa. Subiri kidogo uangalie. Tela likitaka kusogea litasogea sasa, na cheni zitalishika. Likitulia, toa cheni, chomoa waya wa taa, sogeza gari mbele.

Na kuanzia dakika hiyo mpaka miguu ya nyuma ishuke, hakuna mtu kupanda ndani wala kusimama kwenye bampa la nyuma. Tela la ekseli moja likiwa halijafungwa na miguu iko juu ni bembea, mtu mzima akikaa nyuma pua inaruka juu. Watoto ndo wa kuchungwa hapa maana wao wanataka kuwa wa kwanza kitandani.

Mbele na nyuma, na ujanja wa kushusha pua

Sasa weka pima maji kwa urefu, zungusha joki mpaka kipovu kikae kati. Ardhi ikiwa imeshuka sana mbele na joki imeisha urefu, ishushe mpaka mkono wa tela ulale juu ya mbao, ongeza ubao chini ya joki, anza tena. Usiendelee kuivuta mpaka bomba lake la ndani linatoka karibu lote, inakuwa dhaifu.

Halafu fanya kitu kinachoonekana cha ajabu: ukishapata usawa, shusha pua tena, mizunguko michache tu, sentimita 3 mpaka 5 chini ya usawa. Nyuma ya tela inanyanyuka kidogo. Nenda nyuma, weka plaiwudi chini, shusha miguu miwili ya nyuma mpaka iguse vizuri na uifunge. Rudi mbele, inua pua mpaka kipovu kirudi kati. Nyuma inapotaka kushuka inakutana na miguu, inaikandamiza. Yaani umeibana miguu ya nyuma kwa uzito wa tela lenyewe bila kutoa jasho, na inabana sawa pande zote mbili. Wenye ile miguu ya kushuka na kufungwa kwa pini wanaijua shida ya matundu, tundu hili fupi, linalofuata refu, unabaki na pengo la vidole viwili hewani. Kwa njia hii pengo linajifuta lenyewe. Usizidishe lakini, ukisikia chuma kinalia au hendo ya joki imekuwa nzito ghafla, hapo unalinyanyua tela zima kwa miguu, rudi nyuma.

Miguu ya mbele ndo ya mwisho. Shusha kulia mpaka iguse plaiwudi, kushoto mpaka iguse, halafu kila mmoja ongeza nusu mzunguko wa hendo. Nusu, sio miwili. Utasikia mkono unapata uzito, ukibonyeza kona ya tela kwa kiganja haibonyei tena, basi. Angalia kipovu, kikiwa kimehama wakati unazungusha miguu ujue umeinua, legeza. Joki iache chini inaendelea kubeba.

Kipimo cha mwisho ni mlango. Fungua na ufunge kila mlango na kila droo. Ukiona mlango uliokuwa unafunga vizuri nyumbani sasa unagusa fremu kona moja, chesisi imejikunja, legeza mguu wa kona hiyo na ule ulio mshazari nao.

Kwa nini plaiwudi? Chukulia mguu unabeba kilo 100 na kikanyagio chake ni sentimita 10 kwa 10. Hiyo ni kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Weka chini yake ubao wa 30 kwa 30, uzito uleule unasambaa kwenye eneo mara tisa. Ndo maana usiku hausikii tela likishuka ghafla kona moja saa nane.

Bado linacheza kwa pembeni? Mara nyingi kinachocheza ni miguu yenyewe, mirefu na myembamba inapepea. Chagua sehemu ambayo miguu itashuka kidogo tu, au ongeza ubao chini ili mguu uwe mfupi. Wa hema la juu ya paa mtalisikia hili zaidi maana uzito wa watu uko juu, na ile ngazi yenu ni mguu wa tano, iegemeze kwenye ardhi ngumu, isielee.

Udongo wetu huu

Moramu na changarawe hazina shida. Mchanga wa pwani unahitaji plaiwudi kubwa zaidi, au zile mbao za kujinasua gari likikwama, kama umezibeba, zilaze chini ya miguu, kazi mbili kwa kifaa kimoja. Nyanda za Ndutu zina vumbi la majivu ya volkano juu na chini yake tabaka gumu, futa lile vumbi kwa chepe kwanza upate pagumu, usiweke ubao juu ya unga.

Wa kuogopwa ni udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa ukikauka, kama upande wa magharibi wa Serengeti kuelekea Ziwa Victoria. Kiangazi ni kama saruji, unasimama popote. Mvua ikinyesha unavimba unakuwa ute, upande mmoja unazama, na asubuhi tela limelala na gari halitoki. Wingu likionekana usifungue kambi hapo, tafuta mwinuko wenye mawe hata kama ni kilomita kadhaa mbele. Ukikwama huko huna ujanja, tandaza kila ubao ulio nao, na ukiamka kabla hata ya chai pita na pima maji.

Friji, upepo na mengineyo

Wanaotumia friji ya gesi, ile isiyo na kompresa, usawa kwenu sio starehe. Ndani yake amonia inatembea kwa kushuka yenyewe kwenye mabomba, hakuna pampu inayoisukuma, tela likiinama sana inatuama, friji haipoi na sehemu ya kuchemshia inaungua polepole. Nyingi zinataka mwinamo usiozidi digrii 3 hivi kwa upande, soma kitabu cha yako. Friji ya kompresa ya volti 12 haina makuu hayo, inavumilia hata digrii 30, ndo maana wengi wamehamia huko.

Hata hivyo usawa wa kipovu katikati kabisa sio lazima. Mimi naacha upande wa kichwa uwe juu kidogo sana, unalala vizuri na mvua inatiririka kwenye turubai badala ya kutengeneza bwawa. Ila mafuta ya chapati yatakimbilia upande mmoja wa kikaango, jiko liweke nje kwenye meza.

Pwani elekeza pua kwenye upepo. Kaskazi ya kuanzia Novemba hivi hadi Machi inatoka kaskazini mashariki, kusi ya katikati ya mwaka inatoka kusini mashariki na ndo yenye nguvu. Ukikaa ubavu kwa kusi pale Pangani, miguu yako minne haitoshi. Turubai la kivuli la pembeni lifunge kwa kamba, na kwenye mchanga vigingi havishiki, zika gunia lililojaa mchanga kwa kulilaza na kamba imefungwa katikati yake.

Na kama ni usiku mmoja tu wa kupita njia, usijisumbue kulifungua tela kwenye gari. Tafuta sehemu bapa, hendibreki, kabari, miguu ya nyuma shusha iguse, lala.

Kuondoka

Ni kinyumenyume. Funga hema, toa vitu vizito vya nyuma. Inua miguu yote minne kwanza, ya nyuma ikigoma shusha pua kidogo itaachia. Leta gari, funga mdomo kwenye boli, cheni, waya wa taa, pandisha joki mpaka juu na ufunge kibanio chake. Kabari ndo za mwisho kutoka, baada ya gari kuwa limefungwa na hendibreki la gari liko juu, halafu tela unalishusha kwenye mbao kwa kusogea taratibu. Watu wanatoa kabari mapema sababu ziko karibu na mkono, tela linaanza kutembea na mtu yuko mbele yake anahangaika na mdomo.

Kisha dereva azunguke tela lote mwenyewe, mguu mmoja uliosahaulika chini unakatika kwenye tuta la kwanza. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi pini za miguu na kibanio cha joki vinalegea kwa mtikisiko, kwa hiyo baada ya kilomita kama 10 simama, vishike kwa mkono kimoja kimoja, na nati za magurudumu zipige spana.